Nimemaliza tyubu mbili za dawa ya bawasiri na bado natoka damu. Nibadilishe dawa?

«Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, kazi yangu ni ushonaji, nakaa kwenye cherehani tangu asubuhi hadi jioni. Mwezi uliopita nilianza kuona damu nyekundu ikidondoka chooni nikimaliza haja kubwa, na kuna kinyama kinatoka nikijikamua, halafu kinarudi chenyewe. Hakiumi sana ila kunawasha. Duka la dawa walinipa tyubu ya kupaka, wakaniambia tu "paka mara tatu". Wiki ya kwanza nilipata nafuu kubwa, nikaendelea. Sasa ni wiki ya tatu, nimemaliza tyubu mbili, kuwasha kumerudi kwa nguvu na damu bado naiona. Jirani ananishauri nitafute ile ya kukausha, inayofanya kinyama kidondoke chenyewe. Pia natumia dawa za presha. Nibadilishe dawa? Na inapakwa nje tu, au na ndani?»

Pole, dada. Nianze na la haraka: usinunue tyubu ya tatu, wala hiyo ya kukausha. Kuwasha kulikorudi wiki ya tatu huenda kunaletwa na dawa yenyewe, na damu unayoiona inatoka mahali ambapo dawa ya kupaka haina uwezo nako. Ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina njia yake.

Bawasiri, ambayo wengine huiita mgolo au kikundu, si uvimbe ulioota mwilini kama watu wanavyodhani. Kila mtu amezaliwa na vijito vitatu, yaani kama mito midogo ya kulalia, vya nyama laini iliyojaa mishipa ya damu, ndani kidogo ya njia ya haja kubwa. Kazi yake ni kuziba. Misuli peke yake haiwezi kufunga njia hiyo ikakauka kabisa. Vijito hivyo hujaa damu na kuziba nafasi inayobaki, ndiyo maana unaweza kukohoa au kuinua ndoo ya maji bila kuchafua nguo. Vimeshikiliwa ukutani na nyuzi. Ukijikamua kwa muda mrefu, mara kwa mara, damu hujaa humo kupita kiasi na nyuzi zile hulegea kidogo kidogo, mpaka kijito kinaanza kuteleza kwenda chini. Choo kigumu kikipita kinakikwaruza, na damu inayotoka ni nyekundu mbichi.

Kuna mpaka ndani yako, kama sentimita 2 kutoka mlangoni. Juu ya mpaka huo utando hauna mishipa ya fahamu ya maumivu. Chini yake ni ngozi, nayo huhisi kila kitu. Ndiyo sababu kinyama chako kinatoa damu lakini hakiumi: kimeanzia juu ya mpaka. Kinatoka ukijikamua na kurudi chenyewe, na hiyo kitaalamu ni bawasiri ya daraja la pili. Daraja la kwanza hutoa damu bila kutoka nje, la tatu huhitaji kurudishwa kwa kidole, la nne halirudi kabisa. Kuwasha nako kunatoka nje, kwenye ngozi, kwa sababu kijito kilichoteleza huvujisha ute kidogo unaoilowesha ngozi siku nzima. Kwa mtu anayekaa kwenye kiti cha cherehani kwa saa nane, sehemu ile haipati hewa hata kidogo.

Sasa tuingie kwenye tyubu. Dawa za bawasiri zinazouzwa bila cheti karibu zote zimechanganywa kutoka makundi machache, na kila kundi lina kazi yake. La kwanza ni ganzi: lidokeini, sinkokeini au benzokeini. Ganzi hutuliza maumivu na mwasho wa ngozi ya nje kwa saa chache, lakini damu haizuii. La pili ni steroidi, mara nyingi haidrokotisoni, ambayo hupunguza uvimbe na mwasho haraka. Hiyo, nadhani, ndiyo iliyokupa ile nafuu kubwa ya wiki ya kwanza. La tatu ni fenilefrini, inayobana mishipa ya damu kwa muda. La nne ni la vikinga ngozi: zinki oksaidi, bismuthi, mafuta ya mgando. Haya hayana mbwembwe, yanakaa tu kati ya ngozi na ule unyevu, na kwa bawasiri inayowasha bila kuuma nayaona ndiyo yenye maana zaidi.

Ukiyasoma makundi hayo tena utaona kuna kitu kimekosekana. Hakuna hata moja linalokaza zile nyuzi zilizolegea. Dawa ya kupaka inakununulia siku chache za utulivu ili urekebishe choo chako. Asiyerekebisha choo atabaki na tyubu ya pili, ya tatu na ya nne.

Kwa nini basi kuwasha kumezidi? Sababu ya kwanza ni muda. Dawa yenye haidrokotisoni, mtu anapojinunulia mwenyewe, haitakiwi kuzidi siku 7. Ikizidi, ngozi hukonda, huchanika kirahisi na huungua ikiguswa na maji. Tena steroidi hulaza kinga ya mahali pale, na fangasi hupata nafasi. Fangasi huwasha kuliko bawasiri. Sababu ya pili ni mzio: ganzi, hasa benzokeini na sinkokeini, zinajulikana kwa kuichokoza ngozi ya baadhi ya watu baada ya siku kadhaa za kupakwa. Mtu anawashwa, anapaka, anawashwa zaidi, anapaka zaidi. Sababu ya tatu ni kipimo. Ukikamulia dawa kwenye ncha ya kidole cha shahada, kutoka ncha hadi kwenye mkunjo wa kwanza, umepata kama nusu gramu, nayo inatosha kabisa kwa mara moja. Mara tatu kwa siku ni gramu moja na nusu. Siku 7 ni kama gramu 10. Kama tyubu zako zilikuwa za gramu 30, kumaliza mbili ndani ya wiki tatu kuna maana ulikuwa ukipaka karibu mara mbili ya kipimo, kwa muda mara tatu ya unaoruhusiwa. Sikulaumu. «Paka mara tatu» si maelezo ya dawa.

Kwa hiyo simamisha dawa zote za kupaka leo. Kwa siku tano au saba zijazo paka mafuta ya mgando matupu, yasiyo na manukato, au malhamu ya zinki oksaidi isiyo na kitu kingine. Mwasho wa mzio utaanza kushuka ndani ya siku chache. Usiposhuka, au ukiona wekundu wenye kingo na vipele vidogo pembeni, huo unaweza kuwa fangasi, na dawa yake ni nyingine.

Usafi nao una lake. Kuchamba kwa maji ni bora kuliko karatasi kavu, lakini sabuni ya mche, Dettol na vitambaa vyenye manukato viache kabisa sehemu hiyo. Maji yanatosha. Jikaushe kwa kugandamiza kitambaa laini, usisugue. Jioni kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15. Ingiza kiwiko kwanza, yakikuunguza ni ya moto mno. Chumvi si lazima, na kumimina dawa ya kuua vijidudu humo ni kujichoma. Maji hayo hulegeza msuli unaobana, na ukimaliza ndio wakati mzuri wa kupaka.

Umeuliza nje au ndani. Itategemea tatizo liko wapi na tyubu imetengenezwaje. Mwasho wa nje unapakwa nje: nawa mikono, kausha ngozi, kamua nusu gramu, tandaza tabaka jembamba, nawa tena. Nyakati ni asubuhi, baada ya choo na kabla ya kulala. Ndani hupakwa pale tu kiboksi kinaposema hivyo na tyubu imekuja na mrija wake wa plastiki wenye matundu ubavuni. Unaufunga mrija kwenye tyubu, unakamua kidogo hadi dawa itokeze kwenye matundu, unaupaka mafuta nje, unalala ubavu wa kushoto magoti yakiwa yamekunjwa, unauingiza taratibu sentimita 2 hadi 3, unakamua kidogo huku ukiutoa. Ukikutana na ukinzani au maumivu makali, acha. Mrija huoshwa kwa sabuni na maji ya moto kila mara, wala hauazimwi. Kuna pia vile vidonge laini vya kuingiza, vinavyoyeyuka kwa joto la mwili. Kwenye joto la pwani huyeyuka hata kwenye mkoba, kwa hiyo kabla ya kuvifungua viweke kwanza kwenye maji ya baridi dakika chache. Kwa anayefunga Ramadhani, ratiba rahisi ni kutumia baada ya futari na baada ya daku kabla ya alfajiri, na swali la kuingiza dawa mchana ampelekee shehe wake.

Jambo moja husahaulika sana: dawa nyingi hizi zina mafuta, na mafuta huharibu mpira wa kondomu. Kama ndiyo njia yenu ya uzazi au ya kinga, zingatia hilo. Pia hutia doa lisilotoka kwenye nguo, vaa ya zamani.

Kwa sababu ya presha yako, soma kiboksi utafute fenilefrini. Kiasi kinachoingia kwenye damu kutoka kwenye ngozi ni kidogo, lakini inabana mishipa, na mwenye presha, ugonjwa wa moyo, tezi ya shingo iliyozidi kazi au kisukari anashauriwa asiitumie bila kuuliza. Na usiamini jina la biashara peke yake. Preparation H ya Marekani ina fenilefrini; ile iliyouzwa Uingereza kwa jina hilohilo ilikuwa na mafuta ya ini la papa na hamira. Anusol ya kawaida ni ya kukinga ngozi, Anusol HC ina haidrokotisoni ndani. Herufi mbili tu zimeibadilisha dawa. Proctosedyl ina haidrokotisoni na sinkokeini kwa pamoja. Kwa hiyo ile tyubu anayoleta ndugu kutoka ng'ambo isomwe viambato, si rangi ya kiboksi.

Nirudi kwa jirani na dawa yake ya kukausha. Kitu chochote kinachoweza kudondosha nyama ya mwili kwa kupakwa, kimeiunguza, na kinachounguza hakichagui. Kinaunguza utando mzima kuzunguka, kidonda kinapopona kinaacha kovu linalobana, na mtu anaishia na njia nyembamba ambayo choo hakipiti bila uchungu. Kidonda cha namna hiyo ni kibaya kuliko bawasiri yenyewe. Kitunguu saumu cha kuingiza, dawa ya meno na zile dawa za kuchua misuli zinazowaka ziko kapu hilohilo. Na tyubu ambayo huwezi kusoma kilichomo kwa lugha yoyote unayoijua, haina usajili wala tarehe ya kuisha, iache mezani kwa muuzaji.

Halafu kuna zile imani nyingine: kwamba bawasiri inatokana na kukalia jiwe la moto au sakafu ya baridi, au kwamba ni alama ya tabia fulani. Si kweli. Pilipili haileti bawasiri, inaunguza tu wakati wa kutoka kama ngozi tayari imechubuka.

Kazi kubwa iko kwenye choo. Kinatakiwa kiwe laini kama ndizi mbivu, kitoke bila kujikamua. Majaribio yaliyolinganisha watu waliopewa nyuzinyuzi za vyakula vya mimea na wasiopewa yalionyesha kutokwa damu kukipungua kwa takriban nusu. Hakuna dawa ya kupaka inayonunuliwa bila cheti yenye ushahidi wa namna hiyo. Lengo ni gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe cha maharage au kunde zilizopikwa peke yake kinakupa zaidi ya gramu 10. Badili sembe kwa dona. Mapera mawili yaliwe na mbegu zake, matembele au mchicha kila siku, papai asubuhi. Ongeza polepole ndani ya wiki mbili, la sivyo tumbo litajaa gesi na utaacha siku ya tatu. Maji yawe lita 2 hivi. Nyuzinyuzi bila maji ni sawa na unga bila maji, unabaki donge.

Ukiona chakula hakitoshi, yapo maganda ya isabgoli kwenye maduka ya dawa na ya Wahindi. Koroga kijiko kimoja cha chai kwenye glasi kubwa ya maji, kunywa papo hapo kabla hayajaganda kama uji, kisha glasi nyingine ya maji juu yake. Baada ya wiki unaweza kufanya mara mbili kwa siku. Usinywe wakati wa kulala. Au tumia laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, mililita 15 mara mbili kwa siku, ukijua inachukua kama siku mbili kuanza kazi. Mafuta ya nyonyo na zile dawa za kusafisha tumbo usizigeuze za kila siku: kuharisha kunakwaruza vijito hivyo kama choo kigumu kinavyovikwaruza.

Chooni usizidi dakika 5, na simu ibaki nje. Kuchuchumaa hakuna ubaya, ubaya ni kukaa huko muda mrefu huku unakamua. Kama choo chenu ni cha kukalia, weka miguu juu ya kigoda cha kama sentimita 20 na uinamie mbele. Nenda haja inapokuita; najua mteja yuko mlangoni anasubiri gauni, lakini haja iliyobanwa hurudi ikiwa ngumu zaidi. Wakati wake wa asili ni baada ya chai ya asubuhi, utumbo huamka ukipata chakula. Na kila saa inuka kwenye cherehani, tembea dakika mbili tatu.

Kwa maumivu tumia parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuongeza kutokwa damu, na pia kupandisha presha. Tramadoli na kodeini zinafunga choo, yaani zinakurudisha ulikotoka. Wajawazito wanaosoma hapa wajue kwamba vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa kliniki navyo hufunga choo na kukifanya cheusi. Wasiviache, waongeze maji na nyuzinyuzi, na dawa yoyote ya kupaka waulize kwanza.

Sasa sehemu ambayo sitaki uipite. Umetoka damu kwa zaidi ya wiki tatu na hujawahi kuchunguzwa. Kila nilichosema kuhusu daraja la pili nimekisema kwa kufuata maelezo yako, na maelezo hayatoshi. Maumivu makali kama kipande cha kioo wakati wa haja, yanayoendelea saa nzima baadaye, huwa ni mchaniko, nao hutibiwa kwa malhamu tofauti kabisa, ya cheti, kwa wiki 6 hadi 8. Vinyama vingi vyenye uso kama koliflawa ni masundosundo. Uvimbe unaodunda wenye homa ni jipu, linahitaji kupasuliwa siku hiyohiyo. Kwa waliokulia kandokando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo huleta damu kwenye choo, na kikikaa miaka kwenye ini huvimbisha mishipa ya njia ya haja kubwa, mishipa ambayo ukiitibu kama bawasiri unaweza kusababisha damu isiyokatika. Na saratani ya utumbo mpana hutoa damu pia. Si ya wazee peke yao, na mara nyingi hucheleweshwa na sentensi moja: «ni bawasiri tu».

Nenda ukachunguzwe ndani ya wiki hii au ijayo. Usingoje hata siku moja ukiona choo cheusi kama lami na hutumii madini ya chuma, damu iliyochanganyika ndani ya choo, mabonge ya damu, kizunguzungu, homa, au kinyama kilichotoka kikakataa kurudi. Kukonda bila sababu, na mpangilio wa choo kubadilika kwa wiki kadhaa, pia si mambo ya kukaa nayo. Uvimbe wa bluu uliojitokeza ghafla pembeni ukiuma vibaya ni damu iliyoganda. Ndani ya saa 72 daktari anaweza kuutoa kwa ganzi ukapata nafuu palepale. Baada ya hapo kwa kawaida huachwa unywee wenyewe ndani ya wiki mbili hivi.

Uchunguzi wenyewe ni mfupi kuliko hofu yake. Utalala ubavu wa kushoto, umejifunika shuka, atatumia kidole chenye glavu na mafuta, kisha kifaa kifupi kama mrija chenye taa. Dakika chache. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike au mtu wa kukusindikiza. Omba wapime na wingi wa damu, kwa sababu matone ya kila siku kwa mwezi mzima yanaweza kukuacha na upungufu wa damu bila wewe kujua, hasa kama hedhi yako nayo ni nzito. Kama umri, familia au dalili zina shaka, wataagiza utumbo wote uangaliwe kwa kamera.

Wakithibitisha ni daraja la pili na choo laini hakijatosha baada ya wiki 6 hivi, kuna kufunga kwa mpira: pete ndogo ya mpira inavishwa kwenye shina la kijito, juu ya ule mpaka, mahali pasipo na maumivu. Kijito kinakosa damu na kudondoka chenyewe ndani ya siku 5 hadi 10. Yaani kile jirani alichokuahidi kipo, ila hakimo ndani ya tyubu. Utahisi uzito kwa siku moja mbili, damu kidogo inaweza kutoka kinapodondoka, na wakati mwingine hurudiwa mara mbili tatu. Kama unatumia aspirini au dawa ya kuyeyusha damu, sema mapema. Upasuaji kamili ni kwa daraja la tatu na la nne. Una matokeo ya kudumu zaidi lakini wiki 2 hadi 4 za kwanza ni za uchungu, na kwa ilivyo hali yako sioni haraka ya kufika huko.

Asubuhi ya kwenda usipake kitu chochote, ili ngozi ionekane ilivyo. Beba tyubu zote mbili hata kama ni tupu, pamoja na dawa zako za presha, uziweke mezani kwa daktari kabla hajakuuliza.